Wavu Uliougua Macho

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko yao, masufuria yao na ugomvi wao wa nyumbani kama sisi, kulikuwa na wavu uliougua macho.

Usicheke, Bwire. Nimesema wavu, na nimesema macho. Ukimaliza kicheko chote sasa hivi, hadithi ikifika pa kuchekwa utabaki unatukodolea tu.

Haya. Kwenye ghuba moja ya ziwa, ndani ya matete, aliishi Bi Furu. Furu mnamjua, yule samaki mdogo wa rangirangi, hazidi kidole. Hana meno ya kutisha, hana mwiba wa sumu, hana mbio za kujivunia. Ana mdomo tu. Na mdomo huo ndio nyumba ya watoto wake. Hatari ikija, mama anaita, "Ingieni," nao wanaingia mdomoni mwake, churuchuru, mpaka wa mwisho. Kisha anafumba.

Hapo sasa usimsalimie, maana hatakuitikia. Majirani walisema Bi Furu ana maringo. Maringo ya nini, jamani? Mdomo umejaa watoto, aitikie kwa wapi?

Ng'ambo ya matete kulikuwa na mwalo, ule ufuko wa kuvutia nyavu na kuegesha mitumbwi. Mwenye mwalo alikuwa Bwana Mamba. Aliyemsaidia kuvuta wavu alikuwa shemeji yake, Bwana Kiboko, kwa sababu mke wa Mamba alikuwa dada yake Kiboko. Msiniulize mamba alimwoaje kiboko. Mimi niliuliza nilipokuwa na umri wenu nikafukuzwa jikoni, na mpaka leo sijaelewa.

Siku hizo Mamba alikuwa na jambo zito. Binti yake alikuwa ameposwa, na wakwe kutoka mtoni walikuwa njiani kuja kula chakula cha kwanza nyumbani kwake. Mkwe hapewi mboga ya kuokoteza. Mkwe anawekewa samaki aliyejaza sinia, mkia unaning'inia upande huu, kichwa upande ule.

Kwa ajili hiyo Mamba akanunua wavu mpya kwa Korongo mchuuzi. Korongo aliusifu sana. "Huu, Bwana Mamba, hauachi kitu."

Kweli haukuacha kitu. Mamba akashika kamba upande wa kulia, Kiboko upande wa kushoto, wakavuta. Shwaaa. Ukatoka na tope. Ukatoka na konokono, na mayai ya samaki, na vitoto vya samaki vyembamba kama punje za mchele. Samaki mkubwa hakuwemo hata mmoja.

Mke wa Mamba akachungulia ndani ya kapu. Akakoroga kidogo kwa mwiko.

"Baba watoto, hii ni mboga au mmefagia ziwa?"

"Ni samaki, mke wangu."

"Samaki yuko wapi hapa? Nionyeshe jicho lake. Mkwe wangu nimwekee hii, si atasema tumemkaribisha kwa takataka?"

Wakavuta tena, wakapata yale yale. Na ndani ya yale yale, wanangu, walikuwemo watoto wote wa dada yake Bi Furu. Bi Furu aliwaona wakipandishwa mchangani na asiweze kufanya lolote. Iliuma. Mnajua wanavyosema, kilio cha samaki, machozi huenda na maji. Alilia, na hakuna aliyejua kwamba analia.

Alipokuwa bado analia, akamsikia Mamba anasema, "Shemeji, hapa pameisha. Kesho tunavuta mle ndani ya matete."

Mle ndani ya matete ndimo walimokuwa watoto wake yeye. Ndimo walimolelewa watoto wa ghuba nzima.

Bi Furu akaacha kulia. Akawaficha wanawe chini ya jiwe, akaogelea mpaka mwaloni, maji yalipofika kina cha kiganja.

"Hodi mwaloni."

"Karibu," akasema Mamba. "Nani huyo? Nasikia sauti, simwoni mtu."

"Ni mimi, Bi Furu. Shikamoo, Bwana Mamba. Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Leo umesalimia mwenyewe? Haya, sema upesi, tuna wageni kesho."

"Sikai. Nimekuja kuwapa pole ya ugonjwa."

Mamba akamtazama Kiboko. Kiboko akajishika tumbo, akalibonyeza huku na huku, hakuona kasoro.

"Nani mgonjwa?" akauliza Mamba.

"Wavu wenu. Unaumwa macho."

Mamba akageuza shingo, na mnajua mamba shingo yake haigeuki vizuri, ilibidi ageuke mwili mzima. Akautazama wavu pale ulipoanikwa.

"Wavu una macho?"

"Bwana Mamba, wewe ni mwenye mwalo. Siku uliponunua wavu huu, Korongo alikwambia una nini?"

"Aliniambia una macho madogo."

"Nawe ukakubali."

"Nikakubali. Lakini mimi nilidhani ni kusema tu. Wavuvi wote husema macho ya wavu, macho ya wavu. Sikujua yanaona."

"Kwa hiyo ulinunua kitu chenye macho madogo, ukategemea kione samaki mkubwa?"

Mamba akafungua mdomo kujibu. Lakini Kiboko alikuwa ameshasimama. Mnamjua kiboko. Mwili kama nyumba, macho kama vifungo vya shati.

"Ngoja kwanza," akasema. "Macho madogo yana ubaya gani? Mimi macho yangu ni makubwa?"

"Sijakusema wewe, Bwana Kiboko."

"Umesema macho madogo. Hapa mwenye macho madogo ni nani na nani?"

"Kaa chini, shemeji," akasema Mamba. "Na juzi ule mtungi wa dada yako uliukanyaga kwa sababu gani?"

"Haukuwa mahali pake," akasema Kiboko, akakaa. Lakini alikaa kwa kinyongo, na kinyongo cha kiboko ni kikubwa kama yeye.

Bi Furu akasema, "Tusibishane. Tuujaribu. Bwana Mamba, uchukue wavu, utazame kwenye jicho lake moja. Chochote utakachokiona wewe, ndicho wavu unachokiona."

Mamba akauchukua. Sasa, pua ya mamba nayo ni ndefu, wavu haufiki machoni. Ukaishia huko kwenye ncha ya pua, mbali, na katundu kake kakawa kadogo kuliko sisimizi. Akafumba jicho moja, akachungulia.

"Unamwona shemeji yako?" akauliza Bi Furu.

"Naona tundu la pua."

"La nani?"

"Nadhani ni lake."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

Mamba akachungulia tena, akaliinamisha jicho la wavu huku, akaliinamisha kule. "Mwenyewe hayupo."

"Nipo," akasema Kiboko.

"Tulia, shemeji. Kwa wavu huu hupo."

"Nipo hapa nimekaa!"

"Unaona, Bwana Mamba?" akasema Bi Furu. "Bwana Kiboko mzima, na wavu haumwoni. Ndio utamwona kambale? Wavu huu unaona vitu vya ukubwa wa tundu la pua tu. Ndiyo maana mnavuta vidogo vidogo."

Mamba akaushusha wavu polepole. Uso wake ulikuwa umejaa huzuni ya mtu aliyegundua kwamba amekuwa akimtuma kipofu dukani. "Maskini," akasema. "Na jinsi nilivyoutukana jana. Dawa yake ni nini?"

"Kuufumbua macho. Macho manne yanafanywa moja. Unakata fundo la katikati, yanafunguka. Na kwa meno hayo uliyojaliwa, ni kazi ya jioni moja."

"Kweli inatosha?"

"Kesho utaniambia."

Mamba akakaa na nusu ya kulia, Kiboko akapewa nusu ya kushoto. Mamba akaanza kukata mafundo, kacha, kacha, kacha, kwa upole, asije akauumiza mgonjwa. Kiboko akageukia upande wa pili na nusu yake, akawaza. Leo wanakata macho madogo ya wavu. Kesho watakosa la kukata, watanijia mimi. Basi akang'oa fungu la majani, akawa anatafuna majani karibu na wavu, kacha, kacha, kacha.

"Unaendeleaje, shemeji?" akauliza Mamba bila kugeuka.

"Yanafunguka," akasema Kiboko.

Bi Furu naye alikuwa ameshakwenda zake na moyo mweupe. Akapita kila nyumba ndani ya matete anawaambia, "Kesho wavu ukija, msihangaike. Piteni kwenye macho." Akawaambia na wanawe hivyo hivyo.

Ona sasa. Amempiga chenga mamba, na yeye kapigwa chenga na kiboko, na kiboko hakujua kama amempiga mtu chenga. Hata mimi nikifika hapa huwa inabidi nianze kuwahesabu upya, nani kamdanganya nani.

Asubuhi wakaingia majini. Mamba kulia, Kiboko kushoto, wavu ukapiga duara kuyazunguka matete. Shwaaa. Upande wa Mamba watoto wa ghuba wakauona unakuja, wakakumbuka walichoambiwa, wakapita kwenye macho, tili, tili, tili, wakabaki wanaogelea nyuma yake kama hakuna kilichotokea.

Bi Furu aliwapanga wanawe mbele yake. "Mkiona jicho, piteni."

Wavu ukafika. Ulikuwa upande wa Kiboko. Mtoto wa kwanza akaweka kichwa kwenye jicho, kikagota. Wa pili, kikagota. Bi Furu akatazama, akayaona macho madogo yale yale ya jana, hakuna lililokatwa hata moja. Akageuka kulia, wavu. Akageuka nyuma, wavu.

"Ingieni!"

Churuchuru, mpaka wa mwisho. Akafumba. Na wavu ukamwinua, ukampandisha mchangani pamoja na tope na konokono.

Mwaloni kulikuwa na mshangao. Upande wa Mamba, ndani ya yale macho yaliyofumbuliwa, alikuwa amenasa kambale mkubwa ajabu, mla watoto wa samaki aliyekuwa akizunguka matete kila alfajiri, na sato wawili wapana. Mamba akacheka mpaka mkia ukapiga mchanga.

"Umeona! Shemeji, wavu umeona!"

Akahamia upande wa Kiboko, akaacha kucheka. Tope. Konokono. Na samaki mmoja wa kidole.

"Shemeji, wewe hukukata?"

"Nilikata."

"Na haya macho?"

Kiboko akayatazama kwa muda mrefu. "Yameota tena."

"Macho yanaota?"

"Mimi nitajuaje? Mimi si ndiye nisiyeona? Muulize tabibu wako, huyo hapo kwenye tope."

Mamba akainama. "Ala, ni Bi Furu. Afadhali uko hapa. Hebu tuamulie. Macho ya wavu yakishakatwa, huota tena?"

Bi Furu kimya. Jua lilikuwa limeanza kuwaka. Mchanga ulikuwa wa moto, maji yako mbali, na ndani ya mashavu yake watoto walikuwa wanapigana vikumbo. Akifungua mdomo ajibu, wanamwagika mchangani, wanakaukia hapo. Asipojibu, Mamba anaanza kuwaza. Na kweli alianza.

"Jana maneno yote yale. Leo hana hata moja," akasema Mamba. "Mtu akinyamaza namna hii ana lake jambo. Wewe, wavu una macho ama hauna?"

"Mmh," akasema Bi Furu.

"Amesema nini?"

"Amesema mmh," akasema Kiboko.

"Nimesikia mmh. Ni mmh ya ndiyo, au mmh ya hapana?"

"Mmh ya ndiyo inashuka. Hii ilipanda."

"Haikupanda, ilikwenda moja kwa moja. Sema tena, Bi Furu."

"Mmh."

"Hii sasa ni ya kuuliza," akasema Kiboko. "Anatuuliza sisi."

"Anatuuliza nini?"

"Hilo ndilo sielewi."

Mamba akachoka. Kichwa kilikuwa kinamzunguka, na mtu mwenye nguvu akichanganyikiwa hutafuta kitu cha kukiuma. "Basi," akasema, "nitamweka kwenye sinia pembeni ya kambale, awe kachumbari." Akaufungua ule mdomo wake.

Hapo ndipo mke wa Mamba alipotokea, na sinia kichwani, akalitua mchangani, akasema, "Baba watoto, wakwe wameshavuka kona ya mto, nipeni hao samaki nikawaandae." Bi Furu akasikia neno wakwe. Akalishika neno hilo hilo.

Akajaza mashavu. Akayajaza mpaka yakawa kama malimau mawili. Watoto ndani wakasukumana, na mashavu yakawa yanacheza yenyewe, tuku, tuku, tuku. Akalegeza macho, akajiwekea pezi shavuni kama mtu anayeumwa jino, akaanza kuugua, "Mmmmh. Mmmmh," huku anajivuta kidogo kidogo kulielekea sinia.

Mke wa Mamba akaruka nyuma. "Huyo ana nini? Mbona mashavu yamevimba?"

"Anafikiri," akasema Kiboko.

"Anafikiri wapi? Yanacheza, hamwoni? Hayo ni matumbwitumbwi! Nyumba ina wakwe, ninyi mnaniletea matumbwitumbwi karibu na sinia? Binti yangu asimame mbele ya mkwe na mashavu kama hayo?"

"Nilikuwa namwuliza tu habari za macho," akasema Mamba.

"Si ulinisimulia jana kwamba wavu unaumwa? Ugonjwa umetoka kwenye wavu, umemwingia yeye, na sasa unakuja kwako. Mtupeni. Mbali!"

Kiboko hakungoja aambiwe tena. Akamchota kwa mdomo wa chini, pamoja na tope lake, akamrusha katikati ya ghuba. Chubwi.

Wakasimama wote watatu wanatazama maji. Bi Furu akazama kidogo, akainuka, akatazama huku na huku. Kisha akafungua mdomo, na watoto wakatoka, mmoja mmoja, wanajinyoosha.

Mamba akapepesa macho.

"Shemeji," akasema, "matumbwitumbwi yanaogelea."

"Nayaona."

"Yana mikia."

"Nimeiona."

"Hao ni watoto, enyi wanaume," akasema mke wa Mamba.

Mwishowe Mamba akaita, "Bi Furu! Kwa hiyo hukuwa unaumwa?"

"Sikuwa naumwa, Bwana Mamba."

"Na wavu? Nao haukuwa unaumwa? Niambie kweli, wavu una macho au hauna?"

"Unayo," akajibu Bi Furu kutoka mle kwenye matete. "Ila si ya kuonea. Ni ya kupitia."

Akawaita wanawe, wakaingia ndani.

Mamba akageuka mwili mzima kwa mkewe. "Nimedanganywa?"

"Umedanganywa."

"Na yule kambale je, ni wa kweli?"

"Ni wa kweli. Ameshajaza sinia, mkia unaning'inia."

"Sasa hapo, mke wangu, nikasirike au nishukuru?"

"Washa moto kwanza," akasema mke wa Mamba. "Utajijua ukishashiba."

Wakwe walikuja, wakala, wakasifu. Na ule wavu haukurudishiwa macho yake madogo, kwa sababu Mamba, hata alipokaa akalifikiri jambo hilo vizuri, hakuweza kupata sababu ya kurudi kuvuta tope. Kiboko alisimamiwa na dada yake mpaka akaikata ile nusu iliyobaki. Ndiyo maana hadi leo ukimwona kiboko majini, mwili wote kauzamisha, kaacha macho tu nje. Anayalinda.

Na mimi sinia langu ni hili hapa, watu wangu wana njaa, na hadithi imepita kwenye jicho imekwenda zake. Shikeni hili moja: wavu usiopitisha watoto leo, kesho huvuta maji matupu.